Mmea Wenye Namba ya Kiti

Mama yangu alitumia maisha yake yote kuuzuia msitu usiingie nyumbani kwake. Alifyeka, akachoma, akafagia uwanja hadi udongo ukabaki mwekundu na mtupu, maana majani yakikaribia ukuta nyoka naye hayuko mbali. Mimi binti yake niliolewa mjini Likasi, nikapewa nyumba ya Kampuni ya shaba yenye sebule, na ndani ya sebule nikaambiwa niweke msitu, niunyweshe maji na kuufuta vumbi. Mama alipokuja kututembelea mara ya kwanza alisimama mlangoni na mzigo wake kichwani, akautazama ule mmea uliokuwa unakaribia dari, akaniuliza mara ya mwisho nilifagia lini.

Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo heshima ya siku hizi. Akatua mzigo wake, akaketi upande wa pili wa chumba, akawa anautazama kwa jicho la pembeni hadi siku alipoondoka.

Ilikuwa miaka ile ambapo wazungu wa Kampuni walikuwa wanaondoka mmoja mmoja na watu wetu wanapanda kwenye viti vyao. Mume wangu alikuwa fundi umeme wa karakana. Siku moja akarudi nyumbani kambini akiwa kada. Kada alikuwa mtu aliyevuka mstari: dawa alizipata kwenye dirisha lingine, posho aliipokea siku nyingine, na nyumba yake ilikuwa kule juu, kwenye barabara pana, mbali na kambi ya wafanyakazi. Tulihama na vyungu vyetu na watoto wetu, mimi nikiwa na furaha kubwa kwa sababu nyumba ilikuwa na bomba la maji ndani.

Kule juu niligundua kwamba cheo cha mtu kilipimwa kwa majani. Nje hakukuwa na bustani iliyofaa kuonyesha watu. Upepo ukigeuka ulileta moshi mchungu wa kiwanda, ule unaokwaruza koo, na kila jani la bustani likawa na rangi ya chai. Wazungu walikuwa wamekwisha kukata tamaa na nje, wakahamishia mimea yao ndani, na watu wetu walipozirithi nyumba walirithi na ugonjwa huo. Kada mpya alikuwa na mmea mmoja. Bosi wake alikuwa na mitatu, mmoja karibu na redio. Kwa mkurugenzi nilifika mara moja tu, kwenye sherehe ya ubatizo, na nikamsikia mgeni mmoja akiomba chumvi kutoka nyuma ya majani bila mimi kujua ni nani.

Sisi hatukuwa na kitu. Mzungu aliyetutangulia alikuwa ameuza hata mapazia. Lakini ghalani, nyuma ya gunia tupu, mume wangu alikuta nusu ya pipa la mbao lenye udongo mkavu, na katikati yake kisiki cha kijani chenye jani moja lililolegea, jani kubwa lenye matundu, la ule mmea ambao kila kada alikuwa nao. Alilikokota hadi sebuleni, akajifuta mikono.

"Mama ya batoto, hii njo baraka," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha Likasi. "Kada bila plante, bantu batasema nini?"

"Batasema iko na nafasi ya kupita," nilimjibu.

Hakucheka. Tangu awe kada alikuwa amepunguza kucheka, akidhani ni moja ya masharti ya kazi.

Sasa niseme jambo moja kuhusu nyumba ile. Kila kitu ndani yake kilikuwa na kibati. Kibati cha bati jeupe, kipana kama vidole viwili, chenye namba iliyopigwa kwa nyundo, kikagongomewa kwa misumari midogo. Vitanda vilikuwa na vibati. Meza, kabati, jiko la umeme lililowaka kwa nguvu ya maji ya bwawa la Koni, viti sita vya sebuleni na vinne vya jikoni, hata kioo cha bafuni ambacho kibati chake kilikuwa kimewekwa mahali ambapo ungependa kuona kidevu chako. Mume wangu naye alikuwa na chake, cha mviringo, jeton, alichokibeba mfukoni tangu kabla ya kunioa na bila hicho hakupita langoni. Upande wangu, Chama kilikuwa kimenibadilisha jina nililobatizwa, kikaniambia nivae nini na nicheze ngoma siku gani. Kile kisiki peke yake ndicho hakikuwa na namba. Hakuna aliyekiandika, hakuna aliyekijua. Nilikipenda papo hapo, na sababu ilikuwa hiyo tu. Nilitaka katika nyumba ile kiwepo kitu kimoja ambacho ni changu.

Kukitunza sikujua. Kwanza nilikinywesha kama mtoto mwenye homa, asubuhi na jioni, hadi udongo ukanuka na jani likawa jeusi ukingoni. Nikajifunza kuingiza kidole kwanza: udongo ukishikamana na kidole, uache. Halafu nikasikia kwamba chini ya udongo yatakiwa mawe ili maji yapite, nikaomba kokoto za machimbo ya Kakontwe kutoka kwa jirani aliyekuwa anajenga ukuta. Nzuri, nyeupe, safi. Baada ya miezi miwili majani mapya yakawa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, kama ramani. Ni mawe ya chokaa yale, yanayochomwa kutengeneza saruji, nami nilikuwa nimeupikia mmea wangu saruji. Niliyatoa yote, nikaweka vipande vya makaa ya jikoni badala yake, na kijani kikarudi.

Jua la dirishani liliuunguza, giza la pembeni likaufanya urefuke bila majani. Mwishowe mahali palipoupendeza palikuwa kati ya sebule na jikoni, pale mvuke wa sufuria ya bukari, ugali wetu, unapopitia. Kila nikisonga bukari, majani yake yalilowa kidogo, na baada ya muda ukaanza kutoa mizizi hewani, minene, ikitafuta ukuta wa kushika. Niliupa mti wa kupandia. Mwezi wa sita, baridi yetu inapofika na watoto kuvaa sweta mbili, niliuvuta mbali na dirisha na kuufunga kitenge kilichochakaa. Mume wangu alisema nimekuwa kichaa. Lakini wageni wakija, alisimama karibu na mmea.

Majirani zangu walikuwa na ujuzi mwingine. Nyumba za Kampuni zilikuwa na sakafu ya saruji inayosuguliwa kwa nta nyekundu, na mke mzuri wa kada alijulikana kwa sakafu ambayo mgeni anaweza kuteleza. Basi jirani mmoja akafikiri: kama nta inang'arisha sakafu, jani litaikataa kwa nini? Alitumia nta nyeupe, ya fanicha. Majani yakang'aa, na barabara nzima ikamwiga. Jioni ulikuwa ukipita mbele ya madirisha unaona majani yanawaka kwa mwanga wa taa. Vumbi likanasa juu ya nta, wakaongeza nta juu ya vumbi. Mimea yao ilikufa ikiwa inang'aa, na kwa kuwa ilikuwa inang'aa, ilichukua muda kabla mtu hajatambua.

Mimi nilitumia kitambaa na maji. Mume wangu aliona aibu.

"Kwa chef banafuta na bière," alisema, yaani kwa bosi majani yalifutwa kwa bia.

"Siku bière itafika hapa na kupita weye bila kunywewa, nitafuta nayo."

Basi ikatangazwa kwamba mkubwa mmoja kutoka Kinshasa atapita Likasi. Mji ukachanganyikiwa. Mawe ya kando ya barabara yakapakwa chokaa, mashimo yakajazwa udongo wa kutosha siku moja, na sisi wanawake tukaitwa kwenye mazoezi ya kucheza. Halafu mtu wa kamati akatazama mbele ya ukumbi na kuona kwamba kule kote hakuna hata jani. Moshi haukujua kwamba kuna mgeni. Kamati ikaamua: mimea yote ya ndani ya nyumba za makada itolewe, ipangwe mbele ya ukumbi, mkubwa apate kuona mji wa kijani.

Hapo nikashtuka, kwa sababu sherehe ya namna hii nilikuwa nimekwisha kuiona. Mwaka mmoja kabla yake mimea iliazimwa kwa ajili ya karamu moja, na baada ya karamu ilitoka kwa makada wadogo ikarudi kwa wakubwa wao. Kila mtu alijua mmea wake uko sebule gani. Uliweza kwenda kuusalimia, ukaketi chini yake na kunywa chai, lakini kuudai hapana. Wangu kwa wakati huo ulikuwa unanipita kimo, wenye majani mapana kuliko kifua cha mume wangu, na mke wa bosi wake alikuwa amekwisha kuja mara mbili kuutazama akisema, "Ee, mama, iko mukubwa sana kwa nyumba kiloko," yaani ndogo.

Siku moja kabla ya vijana wa kamati kuja kuuchukua, nilitwaa kisu cha mezani na kwenda jikoni. Kulikuwa na kiti kimoja kilichoyumba mguu. Nikang'oa kibati chake, nikakipigilia kwenye pipa la mmea, upande wa nyuma, kwa misumari yake ile ile minne.

Mume wangu alinikuta na nyundo mkononi.

"Unafanya nini? Ile njo mali ya Kampuni."

"Na hii sasa njo mali ya Kampuni," nilimwambia. "Bataiheshimu."

Siku ya mgeni ilikuwa ya jua kali. Tulipangwa mapema, sisi kwenye safu zetu na mimea kwenye safu zake, na nadhani tulikuwa na hali moja: tumefutwa vumbi, tumesimamishwa mahali pasipo petu, hakuna aliyetupa maji. Tulivaa kitenge chenye uso wa Kiongozi mwenyewe, na kwa vile fundi alikata kitambaa bila kutafakari, uso ule ulituangukia wengi wetu mahali pa kukalia. Hivyo tulipochoka kusubiri tuliketi juu yake kwa heshima zote. Mimi jicho langu lilikuwa kwenye majani yangu. Niliyaona yakianza kujikunja. Nilicheza nikiyatazama, nikaimba nikiyatazama, na moyo uliniuma kweli, kuliko nilivyotegemea moyo wa mtu mzima uumie kwa ajili ya majani.

Magari yalipita alasiri, kwa kasi. Mkubwa alikuwa ameketi upande wa pili wa gari. Upande wake kulikuwa na wanafunzi wenye bendera, na nasikia aliwapungia mkono.

Vumbi halijatua, wake za wakubwa walikuwa wamekwisha kufika mbele ya ukumbi na vijana wa kubeba. Mke wa bosi alikuja moja kwa moja kwenye pipa langu, akaweka mkono juu ya jani.

"Hii yangu," aliwaambia vijana, akionyesha gari dogo la mizigo. "Mubebe, mupeleke mu camionnette."

Mume wangu alikuwa amesimama kando yangu, ndani ya koti lake la kada lililofungwa hadi kooni. Nilimtazama. Nilitaka aseme neno moja tu.

"Ndiyo, Mama," alisema kwa ile sauti yake ya kwenye simu. "Njo yenu."

Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia saa ile, na nimewahi kuwakasirikia wengi. Lakini hasira haikunisahaulisha adabu. Nilipiga magoti kidogo, kama inavyopasa mbele ya mke wa bosi.

"Mama, munisamehe. Muzungushe kwanza pipa."

"Juu ya nini?" aliuliza sababu.

"Muangalie tu, Mama."

Vijana wakazungusha. Kibati kikang'aa kwenye jua. Alijipinda kukisoma, na alikisoma kwa muda mrefu kuliko tarakimu nne zinavyohitaji.

"Njo ya Kampuni?"

"Njo ya Kampuni, Mama. Ya mu nyumba yetu."

Lazima mtu aelewe. Kampuni iliibiwa kila siku na kila mtu. Mafuta yalitoka, nyaya zilitoka, saruji ilitoka kwa lori mchana kweupe na dereva akipiga honi. Lakini hivyo vyote havikuwa na kibati. Kitu chenye kibati kilikuwa na mkaguzi wake, na mkaguzi huja na kuuliza, naye mume wa mama huyu ndiye aliyekuwa ametia sahihi amri ya kumtoa mtu nyumbani kwake kwa sababu ya feni mbili zilizopotea. Aliurudisha mkono wake taratibu. Akasogea akachukua mmea wa jirani yangu, uliojaa nta, na ulikufa kwake kabla ya mvua.

Mume wangu alitembea nyuma ya vijana waliobeba pipa hadi nyumbani. Alikula bukari yake, akanawa mikono, kisha akaniambia, "Sasa ile plante haiko yako tena. Ulipatia Kampuni weye mwenyewe."

Nilicheka. Nilikuwa naosha sabuni na maji ile nta waliyokuwa wamepaka vijana wa kamati usiku bila kuniuliza, jani kwa jani, na sikumsikiliza.

Miezi kadhaa baadaye mkaguzi wa nyumba alikuja kwa ziara yake ya kila mwaka. Alikuwa mtu mpole mwenye viatu vilivyochoka. Alipita chumba kwa chumba akilinganisha vibati na karatasi zake, hadi akafika kwenye pipa, akainama, akasoma namba, akatazama karatasi. Akautazama mmea. Akatazama karatasi tena.

"Hapa banaandika kiti ya cuisine," alisema, yaani kiti cha jikoni.

Nilimletea maji ya kunywa. Hakuwa mjinga, alikuwa na nyumba nyingi za kumaliza kabla ya jua kuzama. Alipomaliza maji yake akaweka alama kwenye karatasi na kusema, "Kiti ya cuisine: iko."

Tangu hapo mmea wangu ulikuwa kiti, mwaka baada ya mwaka, mbele ya sheria zote za Kampuni. Kiti chenyewe, kile cha kuyumba, hakikuhesabiwa tena na mkaguzi yeyote. Mume wangu alikipenda. Kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua, na jioni alikiegemeza ukutani kando ya majani, akasema pale anapata pumzi.

Kisha wakubwa wa Kampuni wakampumzisha kazi. Hawakusema mgonjwa, walisema amechoka, nao wakampa muda mfupi wa kutoka kwenye nyumba. Tulipata vyumba viwili mtaani, vya matofali mabichi, dirisha moja bila kioo. Siku ya kutoka tulikuwa na mizigo yetu uwanjani, na ilishangaza jinsi ilivyokuwa midogo. Mkaguzi yule yule alikuja, viatu vingine, uchovu ule ule. Nilikuwa nimewaita vijana wawili wabebe pipa. Akawazuia mlangoni.

"Ile inabaki, mama. Iko na namba."

"Nilikuambia," alisema mume wangu polepole. Hakusema kwa ubaya. Ila alisema.

Nilisimama pale nikiutazama. Ulikuwa umefika darini na kugeuka, ukaanza safari ya kurudi chini. Nilijua mgeni wa nyumba hii atakuja na nta yake. Nikahisi machozi yanakuja, na sikutaka kulia mbele ya mtu mwenye karatasi.

"Namba iko wapi?" nilimuuliza mkaguzi.

"Ku pipa."

"Iko ku majani?"

Alifikiri. "Hapana. Iko ku pipa."

Nikavua kitenge cha juu nikakitandika chini. Nikautoa mti wa kupandia, nikaukumbatia mmea kwenye shina, na kuuvuta. Ulikataa. Mume wangu alitazama kidogo, halafu akaja, akapiga magoti kwa shida, akaingiza mikono yake ya kada ndani ya udongo na kunisaidia. Ulitoka na mizizi yake na makaa yake, udongo ukimwagika juu ya sakafu niliyoisugua miaka yote ile. Nikauzungushia kitenge, nikaubeba mgongoni, majani yakaniinamia kichwani.

Mkaguzi alilitazama pipa lenye udongo mtupu. Akainama, akasoma kibati.

"Kiti ya cuisine: iko," alisema, akaweka alama.

Kisha akaingia jikoni, akatoka amekishika kile kiti cha kuyumba. Alikipindua, akatafuta chini, akatafuta nyuma ya egemeo. Kulikuwa na matundu manne ya misumari na hakuna kitu kingine.

"Na hii? Haiko na namba. Hii si ya Kampuni." Akampa mume wangu. "Mubebe, papa, ni yenu."

Tulifika langoni. Mkaguzi akanyoosha mkono. "Na jeton, papa."

Mume wangu alikuwa ameisahau. Aliweka mkono mfukoni, akaitoa, akaitazama, namba yake imefutika nusu kwa kushikwa. Akamkabidhi. Mkaguzi akaitia ndani ya bahasha pamoja na funguo. Mume wangu akabaki ameshika kiti kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ukawa unarudi mfukoni, unapapasa, unatoka, unarudi. Nilimwonea huruma. Miaka yote nilikuwa nimemgombeza kwa kuwa mtu wa Kampuni, na sasa sikupenda kumwona akiwa si mtu wa yeyote.

Nikamgeukia mkaguzi. "Na huyu? Yeye pia sasa haiko na namba."

Mkaguzi alimtazama mume wangu kuanzia kofia hadi viatu, kwa makini, kama alivyokuwa amekitazama kiti.

"Hapana, mama. Haiko na namba."

"Basi si ya Kampuni."

"Si ya Kampuni tena."

"Nimubebe?"

"Mumubebe, mama. Ni yenu."

Mume wangu alianza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tukiwa kambini. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, nikakiweka kile kiti katikati ya njia, akaketi. Tukamsubiri pale, mimi na mkaguzi, maji ya mizizi yakinichirizika mgongoni, hadi pumzi yake ikarudi na akaweza kusimama.